Karl von Terzaghi

Karl von Terzaghi (Praha, 2 Oktoba 1883 – Winchester, Massachusetts, 25 Oktoba 1963) alikuwa mhandisi wa ujenzi na mwanajiolojia kutoka Austria ambaye baadaye alipata uraia wa Marekani. Anajulikana kama baba wa mekanika ya udongo, yaani elimu inayochunguza jinsi udongo unavyobeba mzigo, unavyobonyea, unavyopitisha maji na unavyoporomoka.

Umaarufu wake umetokana zaidi na mabwawa na misingi ya majengo makubwa. Hata hivyo, mawazo yake yamo pia katika usanifu wa barabara, hasa katika swali ambalo kila mhandisi wa barabara hulazimika kulijibu kabla ya kuchora chochote: udongo asilia ulio chini ya barabara una ukakamavu kiasi gani, yaani utabonyea kwa kiasi gani gurudumu likipita juu yake? Mwaka 1955, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliandika makala ambayo bado husomwa kuhusu jambo hilo.

Maisha ya awali

Terzaghi alizaliwa Praha, mji mkuu wa leo wa Ucheki, wakati ulipokuwa sehemu ya Austria-Hungaria. Baba yake, Anton, alikuwa ofisa wa jeshi, na mtoto alitarajiwa kufuata njia hiyohiyo. Akiwa na umri wa miaka 10 alipelekwa shule ya bweni ya kijeshi. Huko alivutiwa na jiografia na elimu ya nyota kuliko maisha ya kambini.

Mwaka 1900 alijiunga na chuo cha ufundi cha Graz kusoma uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1904. Alikuwa mwanafunzi mkorofi, nusura afukuzwe chuoni kwa sababu ya vituko vya kundi lake. Mitambo haikumvutia sana, na mapenzi yake yalikuwa katika jiolojia. Alipokuwa katika mwaka wake wa utumishi wa jeshi alitumia muda wa ziada kutafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza cha jiolojia ya nyanjani, akakiongezea mambo yake mwenyewe. Kisha alirudi chuoni mwaka mmoja zaidi kusoma jiolojia pamoja na ujenzi wa barabara na reli.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni ya ujenzi mjini Vienna. Alifanya kazi kwenye milima ya mawe ya chokaa ya Kroatia, ambako mito hupotea ardhini na kuibukia mbali, na baadaye St. Petersburg, Urusi. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1912. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Marekani, akazunguka kwenye maeneo ya mabwawa makubwa yaliyokuwa yakijengwa magharibi mwa nchi. Alitumaini kwamba akikusanya taarifa za kutosha za jiolojia na za matatizo yaliyotokea kwenye ujenzi, kanuni ingejitokeza yenyewe. Haikujitokeza. Majina ambayo wanajiolojia waliupa udongo hayakumweleza mhandisi chochote kuhusu nguvu yake: sehemu mbili zenye udongo wa mfinyanzi wa jina moja zingeweza kubeba mzigo kwa namna tofauti kabisa. Alirudi Ulaya mwishoni mwa mwaka 1913 akiwa amekata tamaa kiasi, lakini akiwa amejua kwamba kilichokosekana ni vipimo.

Istanbul

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza aliitwa jeshini, akatumika kwanza katika mapigano ya Serbia, kisha katika uwanja wa ndege wa Aspern karibu na Vienna. Mwaka 1916 alipelekwa Istanbul, mji mkuu wa Milki ya Osmani, kufundisha katika shule ya kifalme ya uhandisi. Dola ya Austria iliposhindwa vitani alipoteza nafasi hiyo, lakini alipata kazi ya ualimu katika Robert College, chuo cha Wamarekani kilichokuwa mjini humohumo.

Vifaa vya maabara havikuwepo. Terzaghi alitumia visanduku vya sigara, vyombo vya jikoni na vyuma chakavu, akatengeneza mwenyewe mashine za kubana udongo na kupima umebonyea kiasi gani na kwa muda gani. Kwa miaka kadhaa alipima mchanga na mfinyanzi, siku baada ya siku.

Kutokana na kazi hiyo alipata mawazo mawili ambayo ndiyo msingi wa elimu yote iliyofuata.

La kwanza ni kwamba udongo ni chembe pamoja na maji yaliyo katika nafasi kati ya chembe hizo, na mzigo unaowekwa juu hugawanywa kati ya viwili hivyo. Sehemu inayobebwa na maji haiupi udongo nguvu yoyote. Nguvu na ukakamavu hutokana na ile sehemu tu inayopita kutoka chembe hadi chembe. Wahandisi huiita mkazo fanisi, na hupatikana kwa kutoa shinikizo la maji kutoka kwenye mkazo wote. Kwa maneno mengine, shinikizo la maji likipanda, udongo hulegea hata kama hakuna mzigo ulioongezwa.

La pili linahusu muda. Anayekamua tui kwa kifumbu anajua kwamba machicha hayabanani mpaka tui litoke, na tui halitoki mara moja. Mfinyanzi uliojaa maji hufanya vivyo hivyo: mwanzoni maji hubeba mzigo, kisha hutoka polepole na chembe hubanana. Kwa kuwa matundu ya mfinyanzi ni madogo mno, jambo hilo huweza kuchukua miezi au miaka. Mwaka 1923 Terzaghi alitoa mlinganyo wa hesabu wa mwendo huo, wenye umbo sawa na ule wa joto linavyosambaa ndani ya kitu kigumu. Unaonyesha kwamba tabaka likiwa nene mara mbili huhitaji muda mara 4 ili kubanana kwa kiwango kilekile.

Mwaka 1925 alichapisha Vienna kitabu chake cha Kijerumani, Erdbaumechanik. Kwa kawaida mwaka huo huhesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mekanika ya udongo.

Marekani na udongo wa barabara

Mwaka huohuo wa 1925 alialikwa kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Marekani ilikuwa imejaa magari kuliko nchi nyingine yoyote, na barabara za zege zilizojengwa kwa haraka zilikuwa zikipasuka. Idara ya barabara ya serikali ya shirikisho ilimchukua Terzaghi kuwa mshauri wa utafiti. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kijana Mwaustria, Arthur Casagrande, ambaye naye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri.

Mwaka 1926 Terzaghi aliandika katika jarida la idara hiyo kuhusu vipimo rahisi vya udongo wa chini ya barabara na maana yake. Alitaka vipimo ambavyo fundi wa kawaida wa maabara angeweza kuvifanya kwa gharama ndogo, ila kila kimoja kiwe na sababu ya kisayansi nyuma yake. Mwaka 1929, pamoja na C. A. Hogentogler wa idara hiyo, alichapisha makala juu ya uhusiano wa mzigo, barabara na udongo wa chini. Humo udongo uligawanywa katika makundi kuanzia A-1 hadi A-8 kulingana na tabia yake chini ya barabara, si kulingana na jina lake la kijiolojia wala rangi yake. Mgawanyo huo ulirekebishwa baadaye, lakini umbo lake halikupotea. Mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeandika leo A-7-6 pembeni mwa sampuli ya udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, anatumia alama zilizotoka kwenye mgawanyo huo.

Katika miaka hiyohiyo Harald Westergaard, mzaliwa wa Denmark aliyefundisha Marekani, alitoa hesabu za mikazo ndani ya bamba la zege la barabara (1926). Ili hesabu ziwezekane aliuchukulia udongo kama safu ya springi zinazosimama kila moja peke yake, wazo lililotolewa na Emil Winkler mwaka 1867. Ugumu wa springi hizo uliwakilishwa na kigezo kimoja, k, ambacho ni shinikizo lililogawanywa kwa kina cha kubonyea. Kigezo hicho kilipendwa na wasanifu kwa urahisi wake. Bamba la chuma huwekwa juu ya udongo, husukumwa chini kwa jeki inayoegemea lori lililojaa mzigo, geji husomwa, na namba hupatikana.

Tatizo lilikuwa kwamba wengi walianza kuamini kuwa namba hiyo ni sifa ya udongo wenyewe, kama vile uzito wake.

Makala ya mwaka 1955

Miaka karibu 30 baadaye Terzaghi alilishughulikia jambo hilo katika jarida la Géotechnique la Uingereza. Hoja yake ilikuwa hii: k haitegemei udongo peke yake, bali hutegemea pia upana wa eneo linalobeba mzigo. Bamba dogo husumbua udongo wa juujuu tu, ilhali eneo pana hufikisha mkazo chini zaidi, kwa hiyo udongo mwingi zaidi hubonyea. Shinikizo ni lilelile, lakini kudidimia ni kukubwa zaidi, na k hushuka.

Aliweka hesabu. Alichukua bamba la mraba lenye upana wa futi 1 kama kipimo cha kuanzia. Kwa mfinyanzi mgumu alipendekeza thamani ya tani 75 kwa futi ya ujazo, kwa ule mgumu zaidi 150, na kwa ule mgumu kabisa 300. Katika mfinyanzi thamani hiyo hugawanywa kwa upana wa eneo kwa futi. Mtu aliyepata 75 kwa bamba la futi 1 akaitumia vilevile kwa msingi wa upana wa futi 10 amekosea mara 10, kwa sababu thamani inayofaa ni 7.5. Mchanga haushuki kiasi hicho. Hupata ukakamavu zaidi kadiri unavyokuwa chini, kwa hiyo thamani yake hupungua kuelekea robo ya ile ya bamba dogo na haiendi chini ya hapo. Mchanga wa wastani uliopewa 130 hubaki na karibu 39 kwa upana wa futi 10.

Aliweka pia mipaka ya matumizi. Kigezo hiki hufaa pale tu mzigo usipozidi takriban nusu ya ule ambao udongo ungeshindwa kuubeba. Hufaa kukadiria jinsi bamba la zege linavyopinda, lakini hakifai kukadiria jengo au barabara itadidimia kiasi gani. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika hesabu za bamba, k huingia chini ya kipeo cha nne, hivyo mtu akikosea k mara mbili, urefu unaotawala kupinda hubadilika kwa asilimia zipatazo 16 hadi 19 tu. Kudidimia hakuna msamaha wa namna hiyo, na anayekosea mara mbili kwenye ukakamavu hukosea mara mbili kwenye jibu. Ni vigumu kupata mfano bora wa mtaalamu anayeeleza chombo kinatumikaje na wakati huohuo kinaishia wapi. Kwa bahati mbaya majedwali ya makala hiyo yamenakiliwa katika vitabu vingi kuliko maonyo yake.

Baada ya kifo chake wasanifu wa barabara za lami walihamia zaidi kwenye moduli inayopimwa kwa kubana na kuachia sampuli mara nyingi, kama magurudumu yanavyofanya. Pale vifaa visipopatikana, hukadiriwa kutoka kipimo cha CBR kilichoanzia California. Kanuni moja maarufu huzidisha CBR kwa 10 hivi ili kupata moduli kwa megapaskali, na haifai kwa udongo wenye CBR kubwa. Miongozo ya Tanzania ya mwaka 1999 hugawa udongo wa chini ya barabara katika madaraja ya S3, S7 na S15 kwa kutumia CBR hiyohiyo. Katika njia zote hizo wazo la mkazo fanisi ndilo linaloeleza kwa nini udongo uleule hupata namba nzuri wakati wa kiangazi na mbaya baada ya masika, na kwa nini mtaro ulioziba huiua barabara ambayo unene wake ulikokotolewa sawasawa.

Vienna na mzozo na Fillunger

Terzaghi hakuelewana na uongozi wa MIT, na mwaka 1929 alirudi Austria kuwa profesa katika chuo cha ufundi cha Vienna. Mwaka uliofuata alimwoa Ruth Doggett, Mmarekani aliyesomea jiolojia Harvard, ambaye alishirikiana naye katika uandishi kwa maisha yote. Ndoa yake ya kwanza, na Olga Byloff, ilikuwa imevunjika.

Katika chuo hichohicho alikuwepo profesa wa mekanika Paul Fillunger. Wawili hao walitofautiana kuhusu nguvu ya maji ndani ya vitu vyenye matundu, na tofauti hiyo ya kitaalamu ikageuka uadui. Mwishoni mwa mwaka 1936 Fillunger alichapisha kijitabu kilichomshambulia Terzaghi pamoja na elimu yote ya mekanika ya udongo, akidai kwamba ilikuwa udanganyifu na kwamba waliokuwa wakiitangaza walitafuta fedha. Chuo kiliunda tume ya wataalamu. Tume iliona kwamba nadharia ya Terzaghi ilikuwa sahihi kwa matumizi yake. Mwezi Machi 1937 Fillunger na mke wake walijiua.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwa ufupi kama ushindi wa Terzaghi, lakini hilo halitoshi. Fillunger alikosea katika tuhuma zake, ila milinganyo aliyoiandika kuhusu mchanganyiko wa chembe na maji ilikuwa mbele ya wakati wake, na watafiti wa baadaye wameitambua kuwa miongoni mwa misingi ya nadharia ya vitu vyenye vinyweleo.

Harvard na miaka ya mwisho

Kabla ya mzozo huo kufikia kilele, mwezi Juni 1936, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mekanika ya udongo ulifanyika Chuo Kikuu cha Harvard. Terzaghi alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha kimataifa kilichoundwa hapo, akakiongoza hadi mwaka 1957. Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa Austria mwaka 1938 alihamia Marekani pamoja na familia yake, akafundisha Harvard. Alipata uraia mwaka 1943.

Huko Chicago alikuwa mshauri wa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, iliyochimbwa katika mfinyanzi laini chini ya mitaa yenye majengo. Mwakilishi wake pale alikuwa kijana Ralph Peck, na mwaka 1948 wawili hao walitoa kitabu cha mekanika ya udongo kwa matumizi ya wahandisi ambacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Hapo ndipo ilipokomaa njia yake ya kufanya kazi: kubuni kwa kutumia makadirio yanayofaa, kupima jinsi ardhi inavyoitikia wakati wa ujenzi, na kuwa tayari kubadilisha mchoro. Kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuwaonya wanafunzi dhidi ya hesabu zisizoanzia kwenye shimo la sampuli.

Mwaka 1954 aliingia katika bodi ya washauri wa Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri. Alijiuzulu mwaka 1959 baada ya kutofautiana na wahandisi wa Kisovyeti waliochukua mradi huo.

Bwawa la Sasumua

Kazi mojawapo ya miaka hiyo inahusu Kenya. Bwawa la Sasumua, kwenye miteremko ya kusini ya milima ya Aberdare, lilijengwa ili kuipatia Nairobi maji, na tuta lake lilitakiwa kujengwa kwa udongo mwekundu wa mahali hapo. Kwa vipimo vya kawaida udongo ule ulionekana haufai. Ulikuwa na chembe ndogo sana kama mfinyanzi mbaya, ulishika maji mengi, na hata baada ya kushindiliwa ulikuwa mwepesi mno. Lakini ulipopimwa nguvu ulionekana imara, na haukubonyea kama ilivyotarajiwa.

Terzaghi aliitwa kutoa ushauri, na mwaka 1958 alieleza chanzo katika makala yake kuhusu bwawa hilo. Madini ya haloisaiti yaliyomo katika udongo huo hushikamana na kuunda vijidonge vigumu vyenye matundu. Maji mengi yanayopimwa yamefungwa ndani ya vijidonge, nao hukaa kama changarawe ndogo, si kama tope. Makala hiyo bado ni muhimu kwa watu wanaojenga barabara juu ya udongo mwekundu wa volkeno wa Afrika Mashariki, kwa sababu inaonyesha kwamba majedwali yaliyotayarishwa kwa udongo wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini yanaweza kuukataa udongo mzuri. Yanaweza pia kuukubali mbaya.

Kifo na heshima

Terzaghi alifariki nyumbani kwake Winchester tarehe 25 Oktoba 1963, siku chache baada ya kutimiza miaka 80. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilikuwa kimempa medali yake ya Norman mara 4, na mwaka 1960 kilianzisha tuzo yenye jina lake.

Huko British Columbia, Kanada, alikuwa amesimamia usanifu wa Bwawa la Mission, lililojengwa juu ya tabaka za mfinyanzi unaobonyea sana na mchanga unaovujisha maji. Mwaka 1965 bwawa hilo lilibadilishwa jina na kuitwa Bwawa la Terzaghi.